Je, Kinga Njema ni Ile Inayomfukuza Kila Mgeni?

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mwili ni nchi, ngozi ni mpaka wake, kijidudu ni adui, homa ni vita, na askari wakishinda mgonjwa hupona. Mfano huu ni rahisi na mtoto huuelewa mara moja. Hata hivyo, haukai katika somo la baiolojia peke yake. Hutoka darasani ukaingia katika siasa na katika mazungumzo ya barazani. Mtu anayetaka majirani zake wafukuzwe husema kwamba taifa ni mwili, na kwamba mwili wenye afya hauvumilii kitu kigeni. Swali la insha hii ni hili: je, ni kweli kwamba kinga njema ni ile inayomfukuza kila mgeni? Na kama si kweli, inatupasa kubadili nini katika namna tunavyowafikiria wagonjwa na wageni?

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda tuna sababu ya pekee ya kuupima mfano huo. Kwa miaka mingi wazee wetu walikiita Kiswahili lugha ya askari, na hawakusema hivyo kwa kukisifu. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, ingawa wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Mwaka uliofuata, 1973, serikali hiyo hiyo ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo maneno askari, mgeni na kufukuza si mepesi masikioni mwetu. Tukiambiwa kwamba ndani ya kila mwili kuna askari wanaowasaka wageni ili wawaue, tuna haki ya kuuliza kama ndivyo ilivyo.

Naanza na neno lenyewe. Kitenzi kukinga kina maana mbili. Tunakinga mvua kwa mwavuli, yaani tunaizuia isitufikie. Lakini pia tunakinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa, yaani tunayapokea yasipotee. Anayekinga mikono anangoja kupewa. Neno moja linabeba kuzuia na kupokea. Sidai kwamba waliotuachia neno hili walijua habari za chembe za damu, ila nadhani neno lao linaueleza mwili vizuri kuliko picha ya askari.

Kwanza tuutendee haki mfano wa askari, kwa maana una ukweli ndani yake. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mtaalamu wa wanyama Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupenya mwanga. Kesho yake aliona chembe zinazotembea zimeizunguka miiba ile. Aliamini kwamba ameona mwili ukijitetea, na hakukosea. Chembe za namna hiyo zipo ndani yetu pia. Ukijikata kwa kisu, baada ya muda kidonda huwa chekundu, hupata moto, huvimba na kuuma. Chembe zimekuja kumeza vijidudu, na usaha unaouona baadaye kwa sehemu kubwa ni chembe hizo zilizokufa kazini.

Hiyo ni kinga tunayozaliwa nayo. Ni ya haraka, lakini haimjui adui kwa jina. Nyuma yake kuna kinga ya pili, ambayo hujifunza. Chembe B hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa kwenye kijidudu fulani na si kingine. Baadhi ya chembe T huua seli zilizokwisha kuvamiwa na virusi, na nyingine huongoza kazi za wenzake. Baada ya ugonjwa kuisha, baadhi ya chembe hizi hubaki miaka mingi zikikumbuka. Ndiyo sababu aliyeugua surua mara moja kwa kawaida haiugui tena, na ndiyo sababu chanjo hufanya kazi: chanjo humwonyesha mwenye mwili sura ya adui kabla adui hajafika.

Nguvu hiyo inahitajika. Asiyeamini na atazame jinsi Virusi vya UKIMWI vinavyofanya. Virusi hivyo huharibu chembe T za aina ya CD4, zile zinazoongoza nyingine. Zikipungua sana, kifua kikuu huenea, na kuvu ambao watu wengi huvuta hewani bila kudhurika huingia kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Hakuna familia nyingi katika nchi yetu zisizojua jambo hili. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba mwili unaweza kuishi bila kujitetea.

Lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki haichorwi sana kwenye vitabu vya shule. Mwili hutumia juhudi kubwa sana kujizuia usishambulie. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Kazi yake ilianza kueleweka mwaka 1961 kutokana na utafiti wa Jacques Miller. Chembe T changa hutoka kwenye uboho wa mifupa na kwenda huko kama wanafunzi wanaokwenda kufanya mtihani. Chembe isiyoweza kutambua chochote hufa. Chembe inayozishika sehemu za mwili wenyewe kwa nguvu mno kwa kawaida nayo hufa, au hugeuzwa kuwa mtulizaji. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaoingia hawatoki. Kama tunataka kusema kwamba ni askari, basi tuseme pia kwamba jeshi hili huwaondoa karibu wote wanaoandikishwa, na kwamba kosa mojawapo linalomwondoa mtu ni kuwa tayari kuwapiga watu wa nyumbani.

Mfano wa pili ni utumbo. Ndani ya mtu mmoja huishi bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe, na wengi wao wamo kwenye utumbo mpana. Hawakuzaliwa naye. Waliingia wakati wa kuzaliwa na baada yake, kwa njia ya mama, maziwa, udongo na vyakula. Kwa hesabu ya uraia hao ni wageni wote. Lakini wanasaidia kusaga vyakula ambavyo sisi hatuwezi kuvisaga, wanatengeneza vitamini K, na wanawanyima nafasi bakteria wabaya. Mtu aliyemeza viuavijasumu vingi akawaua hao wageni, mara nyingine hupata kuhara kukali kwa sababu kijidudu hatari kimekuta nyumba tupu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika utumbo methali hii ni habari ya kila siku.

Mfano wa tatu ni mimba. Mtoto tumboni amebeba nusu ya urithi wa baba yake, kwa hiyo sehemu yake si ya mama. Mwaka 1953 Peter Medawar aliuliza swali ambalo wataalamu wanalifanyia kazi mpaka leo: kwa nini mama hamkatai mtoto kama ambavyo angeikataa ngozi ya baba wa mtoto huyo akibandikwa? Majibu ni mengi. Kondo la nyuma lina njia zake za kutotangaza ugeni wa mtoto, na chembe T za kutuliza hufanya kazi zaidi wakati wa ujauzito. Kama mwili ungekuwa na sheria moja tu, kwamba kila kigeni kiondolewe, hakuna hata mmoja wetu ambaye angezaliwa kuisoma insha hii.

Sasa tugeuke tuyaangalie magonjwa ya kinga, kwa kuwa chombo huonyesha kazi yake kinapoharibika. Magonjwa haya kwa kawaida huwekwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kinga pungufu, kama nilivyoeleza juu ya Virusi vya UKIMWI. Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na upungufu huo. Fungu la pili ni mzio. Hapa mwili humwona mtu asiye na hatia kuwa adui: vumbi la nyumbani, chavua, karanga, dawa. Mwenye pumu ya mzio hazuiliwi kupumua na vumbi lenyewe. Anabanwa na jibu la mwili wake kwa vumbi lile. Fungu la tatu ni kujishambulia. Katika kisukari cha aina ya kwanza, chembe za kinga huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika baridi yabisi ya viungo, hushambulia utando wa maungio ya mifupa. Katika lupasi zinaweza kushambulia ngozi, figo na viungo vingine, na karibu wagonjwa tisa katika kila kumi ni wanawake.

Ukiyatazama mafungu hayo matatu utaona kwamba ni moja tu ambalo kosa lake ni uchache wa nguvu. Katika mafungu mawili nguvu ipo, tena tele, na kinachokosekana ni hukumu nzuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi Paul Ehrlich alidhani kwamba mwili unaogopa mno kujidhuru hata hauwezi kuufanya uovu huo. Wagonjwa wamethibitisha kwamba unaweza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Naomba nikae kidogo kwenye ugonjwa mmoja unaotuhusu sana, yaani ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Huanza kwa jambo dogo. Mtoto anapata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Nyumbani wanampa maji ya chumvi asukutue, na baada ya siku chache anarudi kucheza. Lakini sehemu fulani za bakteria huyo zinafanana na sehemu za moyo wa binadamu. Kwa baadhi ya watoto, kinga iliyojifunza kumpiga streptokoka hukutana na vilango vya moyo na kuona sura ile ile. Inavipiga. Maambukizi yakirudi, mapigo hurudi pia, na kila mara vilango huachiwa kovu, mpaka mtoto hawezi kupanda kilima bila kuhema. Hakuna kijidudu ndani ya moyo huo. Moyo umehukumiwa kwa kufanana na mhalifu.

Dawa ya kuzuia hali hiyo haifanyi kazi kwa kuongeza askari. Ni penisilini, ambayo humwondoa streptokoka kabla kinga haijapata sababu ya kuamka tena. Katika utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kutangazwa mwaka 2021, watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Baada ya miaka miwili, hali ilikuwa imezidi kuwa mbaya kwa 33 kati ya 400 wasiopata sindano, na kwa 3 tu kati ya 399 waliopata. Wale watoto walikingwa kwa kuipunguzia kinga yao nafasi ya kukosea.

Kuna mifano mingine ya namna hiyo. Mtu mwenye UKIMWI aliyepata homa ya uti wa mgongo ya kuvu akianzishiwa haraka dawa za kupunguza makali ya virusi, kinga yake inaweza kurudi kwa pupa, ikawasha moto ndani ya ubongo na kumuua. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, na kutangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kungoja wiki kama tano kuliokoa maisha zaidi. Vivyo hivyo, wakati wa UVIKO-19, dawa ya deksamethasoni, ambayo hutuliza kinga, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakisaidiwa kupumua kwa mashine. Lakini haikuwafaa wale ambao hawakuhitaji oksijeni. Jambo la kuzingatia hapa ni wakati na kiasi. Hasira hasara, hata ya chembe za damu.

Wataalamu wenyewe wamebadili lugha yao hatua kwa hatua. Katikati ya karne ya 20, Macfarlane Burnet alieleza kinga kuwa kazi ya kutofautisha nafsi na kisicho nafsi. Yeye na Medawar walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kazi yao kuhusu jinsi mwili unavyojifunza kuvumilia. Mwaka 1994 Polly Matzinger alitoa hoja kwamba mwili hauulizi hasa kama kitu ni kigeni. Unauliza kama kuna hatari, na hushtuka unaposikia ishara kutoka kwa seli zilizojeruhiwa. Hoja yake inabishaniwa, lakini imewalazimisha wengi kufikiri upya. Na mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, kwa kazi iliyoonyesha kwamba zipo chembe T ambazo kazi yake ni kuzizuia nyingine. Zikikosekana, mtoto huzaliwa na kinga inayoyashambulia matumbo, ngozi na tezi zake mwenyewe. Kujizuia kumbe ni kazi yenye wafanyakazi wake.

Sasa narudi kwenye maadili. Mwenye kudai kwamba taifa ni mwili, na kwamba mwili mzima hufukuza wageni, ameuleta mwili mahakamani awe shahidi wake. Nimejaribu kumhoji shahidi huyo, naye hasemi yale aliyoletwa kuyasema. Anasema: nimejaa wageni na ninawahitaji, nilipowapiga wasio na hatia niliugua, niliposhika sura badala ya tendo nilijeruhi moyo wangu mwenyewe. Historia yetu ya 1972 inakaa karibu zaidi na ugonjwa wa kujishambulia kuliko na kupona. Maduka, viwanda na mashamba ya miwa yaliyoachwa hayakuinuka kwa kuwa wenyewe wameondoka. Bidhaa zilipotea, na sukari na sabuni vikawa vitu vya kupanga foleni.

Majirani zetu wa Rwanda walilipa bei kubwa zaidi. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mtu akiishaitwa mdudu, kumuua kunaanza kuitwa usafi. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba mifano ya lugha ni mapambo tu. Sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba neno likirudiwa vya kutosha humpa mtu ruhusa ambayo dhamiri yake ingemnyima.

Hata hivyo, insha ya namna hii haina budi kujibu pingamizi. Pingamizi la kwanza litasema: wewe nawe unafanya kosa lile lile, unachukua somo la maadili kutoka kwa chembe za damu. Mbona mwili huohuo huikataa figo aliyopewa mgonjwa na ndugu yake kwa upendo, mpaka anywe dawa za kuizima kinga maisha yake yote? Je, tujifunze hapo kwamba zawadi ikataliwe? Pingamizi hili ni la haki, nami nalikubali. Kutokana na jinsi mambo yalivyo hatuwezi kurukia jinsi yanavyopaswa kuwa. Mwili si mwalimu wa maadili. Nilichokifanya ni kumwondoa shahidi wa uongo. Sikumweka mahali pake shahidi mwingine wa namna hiyo hiyo. Kama siwezi kusema "tuwapokee wageni kwa sababu utumbo huwapokea bakteria", basi na mwenzangu hawezi kusema "tuwafukuze kwa sababu damu huwafukuza vijidudu".

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Uvumilivu nao huua. Saratani hukua kwa kuwa imejifunza kutumia breki za kinga, na James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha namna ya kuzifungua breki hizo ili chembe zifanye kazi. Kimelea cha malale, kilichoua watu wengi sana huko Busoga mwanzoni mwa karne ya 20, hubadilisha koti lake mara kwa mara ili kisitambuliwe. Kwa hiyo anayesema "vumilieni tu" hajasema lolote la maana. Nakubali pia. Lakini angalia kile pingamizi hili linachothibitisha. Saratani si mgeni, ni mtoto wa nyumbani. Na kimelea cha malale si kibaya kwa sababu kimetoka nje, ni kibaya kwa yale kinachoyafanya. Ikiwa mwenyeji anaweza kuua na mgeni anaweza kuponya, basi swali la "ametoka wapi?" halitoshi kuamua kitu. Linabaki swali la "anafanya nini?"

Na hapa ndipo mtu anapotengana kabisa na chembe. Chembe T haina njia ya kuuliza. Inagusa sura iliyo mbele yake, inalinganisha, inaua au inaacha. Haiwezi kumwambia streptokoka "jieleze", wala haiwezi kuuomba moyo msamaha. Binadamu anaweza kuulizwa akajibu. Anaweza kuleta ushahidi, kutubu, kubadilika na kushtakiwa kwa tendo lake mwenyewe pasipo kuwabebesha wengine wanaofanana naye. Tukimtendea mtu kama chembe inavyotenda, tumeitupa nafasi hiyo ya kusikiliza, na nadhani katika nafasi hiyo ndipo utu ulipo. Kumwita mtu kijidudu ni kumtukana, na zaidi ya hapo ni kutangaza mapema kwamba hatasikilizwa.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao haupigiwi kelele, nao ni wa wagonjwa. Binamu yangu ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi na moja. Watu wa ukoo waliuliza maswali mawili: amekula sukari kiasi gani, na ni nani aliyemroga. Mfano wa askari ukaongeza la tatu: kwa nini kinga yake ni dhaifu? Hakuna swali lolote kati ya hayo lililokuwa sahihi. Hakuugua kwa sababu ya pipi, hakuna jirani wa kushtakiwa, na kinga yake haikuwa dhaifu. Lakini mtoto aliyeyasikia alijifunza kuona aibu, na kwa muda alijificha chooni kujichoma sindano ya insulini ambayo bila hiyo angekufa. Lugha mbaya juu ya mwili ilimfanya afiche kitu kinachomweka hai.

Hali hiyo huendelea sokoni. Juisi, mizizi na vidonge huuzwa kwa maneno "huongeza kinga", kana kwamba kinga ni maji kwenye pipa, na kadiri yanavyozidi ndivyo heri. Mwenye lupasi akiamini hivyo anaweza kuziacha dawa zake, ambazo kazi yake ni kuituliza kinga, akanunua kinachoahidi kuichochea. Kumsaidia mtu kama huyo hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji tuseme kweli: kwamba wapo wanaougua kwa kukosa kinga, wapo wanaougua kwa kinga iliyokosea, na kwamba wote wawili hawakulitaka hilo.

Kwa kuhitimisha, jibu langu kwa swali la kichwa cha insha hii ni hapana. Kinga inayomfukuza kila mgeni si kinga njema. Mtu mwenye kinga ya namna hiyo asingeweza kula, kuzaa wala kuishi. Kinga njema hutambua, hukumbuka, hupiga inapolazimika, na hujizuia mara nyingi zaidi kuliko inavyopiga. Lakini hata kinga njema haiwezi kutuamulia namna ya kuishi na watu, kwa kuwa haijui kusikiliza. Kazi hiyo imeachwa kwetu. Naona wenzangu wanaoandaa masomo ya Kiswahili na sayansi kwa ajili ya watoto wetu wangefanya vyema wakianza na jambo dogo: wakimwambia mtoto kwamba chembe nyeupe ni askari, wamwambie siku hiyo hiyo kwamba askari hao hupewa mtihani kwanza, na kwamba wengi wao huanguka.